Asilimia 15, Kabla ya Chakula

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, wakaishia hapo. Hawakutaja dozi wala maudhi ya dawa yenyewe. Kazi hiyo waliiachia Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya mwaka 2004, na marekebisho ya mwaka 2016 ndiyo yaliyopandisha dozi kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi asilimia 15. Mara moja kwa mwezi, kabla ya chakula.

Mimi ni mgonjwa mtiifu kuliko wote niliowahi kuwatibu, maana sina namna ya kuficha vidonge chini ya godoro. Mwajiri hukata na kuwasilisha moja kwa moja. Mshahara ukifika kwangu umeshatibiwa.

Na Bodi haiko peke yake kwenye hati ya mshahara. Katika kila shilingi 100 za mshahara wangu wa msingi, Bodi inachukua 15, mfuko wa pensheni 5, bima ya afya 3, chama cha wafanyakazi 2. Hiyo ni robo nzima, na TRA bado hajabisha hodi. Akibisha, kile kipande kinachozidi shilingi milioni 1 anakimega kwa asilimia 30. Baada ya hapo kuna ada ya leseni ya udaktari ya kila mwaka, kwa sababu bila leseni siruhusiwi kufanya kazi ya kutafuta hela ya kulipia leseni.

Kinachobaki ndicho ninachosifiwa nacho mtaani. "Dokta huyo! Dokta hana shida!" Mwenye nyumba alipojua kazi yangu, kodi ilipanda kabla sijaingiza kitanda. Mama wa genge ananiuzia nyanya kwa bei ya heshima. Bodaboda ananiita bosi, kisha ananidai nauli ya kibosi. Hakuna hata mmoja kati yao anayeuliza kama huyu bosi alishakatwa deni au bado.

Niseme kweli, wakati wa chuo hakuna anayeliona deni. Linaitwa bumu, na bumu likiingia hosteli nzima inanukia chipsi kuku. Watu wananunua simu, wanawatumia wazazi kitu kidogo, wanatembea wamenyoosha shingo. Katika foleni ya kusaini sikumsikia mtu akiuliza habari za marejesho. Ulipaji ulikuwa jambo la watu wazima fulani, wenye vitambi na magari, ambao tuliamini tutakuwa wao. Udaktari unasomwa miaka 5, unafuata mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, halafu inafuata ile awamu isiyoandikwa kwenye mtaala: kukaa nyumbani unasubiri majina ya ajira yatoke. Wenye bahati wanapata mahali pa kujitolea, yaani wanafanya kazi ileile ya daktari kwa malipo ya nauli na chai. Deni halijitolei. Lenyewe linakusubiri.

Sasa nimeajiriwa katika hospitali ya wilaya, na kila siku ninawaambia watu wenye presha wapunguze mawazo. Juzi mama mmoja, mtu mzima, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, rahisi kwako kusema. Wewe daktari, mawazo utayatoa wapi?" Nilimwandikia dawa, akashukuru, akatoka. Nikajifungia na mashine ya kupimia, nikajivika ule mpira mkononi mwenyewe. Sista wa zamu akanifuma. Akasoma namba, akaguna. "Dokta, hii ni presha ya tarehe 18. Subiri mshahara utoke ndipo upime tena, usijianzishie dawa bure."

Kuna wakati waliletwa wataalamu wa kutufundisha namna ya kukabiliana na msongo wa mawazo kazini. Tukaambiwa tufumbe macho, tuvute pumzi kwa pua, tutoe kwa mdomo, kisha kila mmoja aandike kwenye karatasi jambo moja linalomnyima usingizi. Mwezeshaji akakusanya karatasi, akaanza kusoma. Ya kwanza: mkopo. Ya pili: mkopo. Ya tatu, kwa herufi kubwa: MKOPO NA SHEMEJI. Mwezeshaji akakunja karatasi zilizobaki taratibu, naye akavuta pumzi kwa pua. Nilikuja kujua kwamba naye anakatwa. Msongo wetu ulishuka mara moja tu siku ile, pale ilipotangazwa kwamba posho zitatolewa mkononi.

Lakini ngoja nikwambie jambo ambalo wenzangu wa chumba cha zamu hawataki kulisikia. Katika watu wote wanaonidai, Bodi ndiyo yenye ustaarabu. Inajua inanidai kiasi gani. Ni fedha ya kutisha, ina tarakimu nane, lakini ina mwanzo na ina mwisho, na kila mwezi inapungua. Haijawahi kunipigia simu saa 5 usiku kuniuliza kwa nini nimenyamaza. Haijawahi kuja kukaa kwangu wiki 2 na begi.

Ukoo ndio wenye deni lisilo na taarifa ya akaunti.

Mjomba alininunulia tranka na godoro nilipokwenda kidato cha tano. Tranka lilishaliwa na kutu, godoro walibaki nalo kunguni wa bwenini, lakini mkopo bado mbichi kabisa. Anapiga simu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mjomba. Habari za kuokoa watu?" Ukisikia swali hilo, kaa chini. Mara bati zimepeperushwa na upepo, mara pampu ya maji imeungua. Sentensi ya mwisho haijawahi kubadilika: "Sisi wengine tulishajinyima zamani, sasa ni zamu yenu."

Shangazi yeye aliuza kuku mmoja ili nipate nauli ya kwenda kuripoti chuo. Kuku mmoja! Angeachwa hai akataga mpaka akachoka, mayai yake yote yasingefika nusu ya nilichokwishalipa. Mei Mosi ya 2021, kule Mwanza, Rais Samia alitangaza kufuta ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo, ambayo ilikuwa ikiwafanya watu walipe huku deni likinenepa. Wafanyakazi walishangilia nchi nzima. Shangazi hakusikia redio siku ile. Thamani ya kuku wake inatunzwa mpaka leo, na kila Krismasi inapanda.

Halafu kuna binamu yangu. Huyu aliishia kidato cha nne, wazee wakasikitika sana, wakasema kijana amepotea. Leo ana duka la vifaa vya ujenzi: bati, misumari, saruji, rangi za kila aina, na pikipiki mbili za kupeleka mizigo. Hadaiwi na mtu. Ilipofika harusi ya dada yetu, kamati ilikaa, ikapangia watu ahadi bila kuwauliza. Niliiona orodha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: Dokta, 500,000. Binamu, 100,000. Nikauliza kistaarabu ni kigezo gani kimetumika. Mwenyekiti wa kamati akajibu kwa sauti, ili wasiojua kusoma nao wasikie: "Huyo mwenzako ana mtaji wa kuzungusha. Wewe una mshahara."

Sheria ya nchi inasema makato yasimwache mfanyakazi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Nilitamani sana kuituma kwenye kundi lile. Kamati za harusi hazijawahi kuisoma, na nina wasiwasi kwamba zikiisoma zitaomba ile theluthi.

Sikwambii habari za picha. Naamka asubuhi nakuta simu imejaa: mguu wa nani umevimba, upele wa mtoto wa jirani yake shangazi, majibu ya vipimo yaliyopigwa picha gizani, na ujumbe mmoja tu chini yake, "Dokta hii nini?" Najibu zote. Ningekuwa natoza ada ya kumwona daktari kwa kila mguu, nchi hii ingekuwa na mnufaika mmoja aliyemaliza deni kabla ya wakati, na ningepewa cheti.

Mwenzangu mmoja alishindwa kuvumilia mahesabu haya, akaona ajikwamue kwa mkopo wa mtaani wa marejesho ya kila wiki, ule wanaouita kausha damu. Daktari mzima, anayejua thamani ya chupa moja ya damu! Siku ya marejesho akawa anabadilisha zamu, anaomba apangiwe chumba cha upasuaji, kwa sababu kule mdai haruhusiwi kuingia na viatu vya nje. Ametoka salama kwa msaada wa SACCOS, ambayo sasa nayo inamkata.

Kwa hiyo nimeacha kuvuta pumzi kwa pua. Nimechukua daftari nikafungua ukurasa wa ukoo, nikaandika: tranka, godoro, kuku. Mbele ya kila kimoja nimeandika nilichokwishalipa, pamoja na pampu, bati na sare za harusi ambazo sikuzipenda rangi. Mjomba tumemalizana tangu mwaka juzi. Shangazi ananidai mabawa mawili. Nitawasomea hesabu hiyo kwenye kikao kijacho, na nategemea kususiwa, jambo ambalo kwa hali ya mfuko wangu nalipokea kwa mikono miwili.

Kabla ya hapo, nina ombi moja kwa kamati zote zilizo na harusi, kipaimara au send-off kati ya sasa na siku Bodi itakaponiandikia kwamba nimemaliza: kadi yangu pelekeni kwenye duka la bati. Yule ndiye tajiri wa ukoo. Mimi ni msomi tu.