Safu ya Ushauri: Moto Inayolala Bila Ruhusa

Stendi ya pembeni, ambayo walioazima neno kwa Kifaransa huiita bekiyi, hukaa upande wa kushoto wa pikipiki, iwe imetengenezwa India, China au Japani. Ikiegemezwa, pikipiki husimama juu ya vitu vitatu: gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma na unyayo mdogo wa chuma. Uzito ukibaki kati ya vitatu hivyo, mambo ni shwari. Ukivuka mstari wa magurudumu, pikipiki hulala kulia. Ukiupita unyayo wa stendi, hulala kushoto. Malalamiko yote yaliyoifikia safu hii yanaanzia hapo, ingawa waliolalamika wanataja sababu nyingine, ukiwemo uchawi.

Uchawi umetajwa na motari (dereva wa pikipiki) wa Bunagana. Moto yake (pikipiki, si ule wa jikoni) ikiegeshwa ukingoni mwa lami ya Kisoro, upande wa Uganda, huinama hadi abiria wanasita kuipanda. Ikirudi nyumbani husimama wima kama askari wa gwaride, kisha mbuzi wa jirani akiigusa kwa mkia tu, imo mferejini. Motari anataka kujua jirani ametumia dawa gani.

Jirani hajatumia dawa. Bunagana, mpakani, ndipo mahali ambapo gari linahama upande: Uganda watu hupita kushoto, Kongo hupita kulia. Barabara nayo ina mgongo. Katikati imeinuka ili maji ya mvua yateremkie mifereji. Anayeegesha ukingo wa kushoto, Uganda, anakuwa na mteremko unaoshuka kuelekea kushoto, upande uleule wa stendi, kwa hiyo moto huinama kupita kiasi. Anayeegesha ukingo wa kulia, Kongo, ana mteremko unaoshuka kulia. Stendi inasukuma kutoka sehemu iliyoinuka, moto inanyanyuka karibu wima, na kilichobaki ni mbuzi. Motari wa Goma anayevuka kwenda Gisenyi hakutani na jambo hili, maana Rwanda nako hupita kulia.

Dawa ni moja kwa nchi zote mbili: moto isiegeshwe sambamba na mfereji. Mkia uelekezwe mferejini na pua barabarani, ili mteremko uwe wa mbele na nyuma badala ya ubavuni. Hapo pua inakuwa juu, na hivyo ndivyo stendi inavyotaka. Stendi hufunguka kwa kusukumwa mbele na hujikunja kwa kurudi nyuma. Moto ikiserereka kwenda mbele, ardhi huukamata unyayo na mguu unajikunja wenyewe. Ikivutwa nyuma, mguu hukaza dhidi ya kizuizi chake. Injini ikishazimwa, gia huachwa namba moja, na moto husukumwa kidogo mpaka ikatae kwenda. Kuiacha huru ni desturi ya wenye haraka, na wenye haraka ndio wanaoongoza kwa kununua vioo vipya. Usukani huzungushwa kushoto mpaka mwisho, na kwa pikipiki nyingi kufuli nalo hushika hapohapo.

Msomaji wa Goma anaona aibu kutembea na kibao cha kuwekea chini ya stendi. Wenzake humwita fundi seremala. Wenzake wamekosea. Unyayo wa stendi ni mdogo, na mzigo unaoukalia ni mkubwa. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava iliteremka mpaka katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Juu ya jiwe hilo stendi haizami, lakini mara nyingi hukaa kwenye ncha moja tu, na ncha ikimeguka hakuna onyo. Penye udongo wa mfinyanzi kisa ni kingine. Baada ya mvua unyayo huzama polepole, milimita kwa milimita, na ndiyo sababu moto huanguka nusu saa baadaye, mwenyewe akiwa ndani anasubiri chai. Kibao kinafaa. Kopo la maziwa lililopondwa linafaa. Kizuri zaidi ni kipande cha tairi kuukuu kilichotobolewa na kufungwa kamba kwenye usukani: mwendeshaji anakitupa chini akifika, na akiondoka anakivuta bila kushuka.

Mama mmoja muuza viazi anauliza nani alipe gunia linapomwagika wakati wa kupakia, yeye au motari. Safu hii si mahakama, lakini inaweza kueleza kwa nini limemwagika. Pikipiki kama Bajaj Boxer au TVS, zinazofanya kazi kubwa ya mji, zina uzito wa kilo 110 hadi 125 hivi. Gunia la kilo 100 linakaribia kuuzidisha uzito huo mara mbili, tena linakaa juu na nyuma, mahali pabaya kuliko pote. Stendi ya pembeni haikuundwa kwa ajili ya kazi hiyo. Hutumika stendi ya katikati, na gunia hulazwa katikati ya keria. Mzigo ukipita nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huinuka na usukani huanza kuyumba, kwa hiyo mtu mmoja hushika usukani mpaka kamba ya mwisho ikazwe. Penye stendi ya pembeni pekee, mzigo mdogo wa bidoni mbili huwa na utaratibu wake: ya kushoto hutangulia kupanda, ya kulia hutangulia kushuka. Anayegeuza utaratibu huo anaiondolea stendi uzito na kuuhamishia kulia.

Stendi ya katikati imeleta lalamiko la mgongo kutoka kwa mzee mmoja. Mgongo hauhusiki. Mwendeshaji husimama kushoto, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye keria, kisha hukanyaga mkono wa stendi hadi miguu miwili ya stendi iguse ardhi kwa pamoja. Akishasikia imegusa yote miwili, huhamishia uzito wa mwili kwenye mguu wa kulia, na moto hupanda nyuma yenyewe. Anayeinua kwa mikono anafanya kazi ya stendi bila malipo.

Moto ikiwa imekwisha kuanguka, swichi huzimwa na bomba la petroli hufungwa kwanza. Moto iliyolalia kulia hufunguliwa stendi kabla ya kuinuliwa, isije ikavuka na kulala upande wa pili. Iliyolalia kushoto inahitaji mtu wa kuipokea ng'ambo. Anayeinua huipa mgongo, huchuchumaa akiwa ameegemeza makalio kwenye kiti, na husukuma kwa miguu akirudi nyuma hatua ndogondogo. Ekzosi ya pikipiki hizi iko kulia, nayo huunguza muundi muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Kwa sababu hiyohiyo abiria hushushwa kushoto, kabla stendi haijafunguliwa.

La mwisho limetoka kwa kijana anayeuliza kama kuna ubaya kuondoka stendi ikiwa bado chini. Baadhi ya pikipiki huzima injini zenyewe gia ikiingia kabla stendi haijakunjwa. Nyingi hazina kifaa hicho, na zilizokuwa nacho mafundi wamekwisha kukiruka kwa waya. Kwenye mwendo wa kunyooka hakuna kinachotokea. Kwenye kona ya kushoto moto inainama, unyayo unagonga ardhi, gurudumu la nyuma linanyanyuka. Upande wa Kongo, kona hiyo ya kushoto ndiyo inayokata njia ya malori yanayokuja.