Maleleji ya Segera

Kosa lilikuwa la hesabu, na mimi ni mhandisi. Mwaliko ulisema usaili utafanyika saa 11:00 kwa saa za Copenhagen. Nilijua Wadenmark wako nyuma yetu kwa saa mbili, nikajumlisha, nikapata saa saba mchana. Sikujua kwamba wenzetu hao kila mwisho wa Machi huzisogeza saa zao mbele, na tangu hapo tunapishana kwa saa moja tu. Sisi ambao jua letu huchomoza saa kumi na mbili mwaka mzima, nani wa kutufundisha mambo kama hayo?

Kazi yenyewe ilikuwa ya mhandisi mwandamizi wa mitambo ya upepo. Miaka kumi na minne nimeshinda na mitambo ya maji, nikajiambia jenereta ni jenereta, izungushwe na maji au na upepo. Mpango ulikuwa nitoke Korogwe asubuhi, nifike Tanga kwa mpwa wangu mwenye intaneti ya uhakika, nivae suti, nikae kitako kama mtu mwenye cheo.

Saa sita kasorobo basi likasimama Segera. "Dakika kumi!" akapaza sauti konda. Segera ni njia panda: huku Chalinze na Dar, huku Korogwe na Moshi, huku Muheza na Tanga, na hakuna apitaye bila kuuziwa kitu. Nilikuwa nachagua machungwa simu ilipoita. Namba ya nje. Nikatazama saa: sita kamili.

Nikajitosa kwenye mgahawa wa kwanza, nikachomeka chaja kwenye soketi ya ukutani. Simu ilikuwa na asilimia nne. Koti la suti lilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa kwenye basi. Wakatokea wasaili watatu, katikati mama mwenye miwani. Wao nyuma yao walikuwa na rafu ya vitabu. Mimi nyuma yangu nilikuwa na kabati la kioo la chipsi.

Akaniuliza juu ya upepo wa pwani yetu. Hapo nikanenepa. Nikawapa kaskazi, nikawapa kusi, nikawaeleza kwamba Aprili kama hii ni maleleji, upepo wenyewe haujui unatoka wapi. Wakaandika wote watatu. Mara ndoo ya mayai ya kuchemsha ikapita kati ya pua yangu na simu.

"Mzee, yai? Pilipili ipo."

Nikatikisa kichwa kumkatalia. Kumbe mama mwenye miwani alikuwa ameuliza kama niko tayari kuhamia kwenye mradi. Ilinichukua dakika nzima kumweleza kwamba aliyekataliwa ni yai.

Kisha likaja swali kubwa: katika mradi wa upepo, hatari ipi naiogopa zaidi? Hilo nilikuwa nimelisomea. Nikawapeleka Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, kwenye mitambo 365 ya megawati 310. Ilikuwa imeshasimikwa tangu 2017, upepo unavuma hadi unakera, lakini umeme haukufika popote mpaka Septemba 2018, kwa sababu njia ya nyaya ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa ilichelewa. "Kwa hiyo," nikasema, nikiinua kidole, "mimi siogopi upepo kukosekana. Naogopa waya..."

Skrini ikawa nyeusi. Nikageuka. Dada wa mgahawa alikuwa amechomoa chaja yangu, amechomeka blenda, anasaga juisi ya parachichi.

"Samahani kaka," akasema, "mteja ana haraka."

Tukabembelezana, nikarudishiwa soketi. Simu ilipofika asilimia sita nikachungulia nje. Basi halikuwepo. Begi, suti na vyeti vyangu vyote vilikuwa njiani kuelekea Muheza.

"Panda, mzee," akasema kijana wa bodaboda, bila hata kuuliza nina shida gani. "Tunalikuta Hale."

Tukaondoka. Njia ya Hale naijua; ule mto Pangani unazungusha pale mitambo ya megawati 21 tangu miaka ya 1960, na siku nyingine ningeinamisha kichwa kwa heshima ya jamaa zangu wa maji. Leo nilikuwa nimefumba macho. Tai ilikuwa inanipiga sikioni. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaipokea kwa kuibana ndani ya helmeti.

Alikuwa mama mwenye miwani. Safari hii sauti tu. Akasema anasikia upepo mkali, je, niko juu ya mtambo?

Nikamchungulia kijana begani: kilomita 80 kwa saa. Nikagawanya. "Mita 22 kwa sekunde," nikamjibu.

"Vizuri sana. Na ukifika 25?"

"Mitambo mingi hujizima," nikapiga kelele. "Hugeuza mapanga yake yasishike upepo, ikafunga breki, ikatulia mpaka upungue."

Kijana, ambaye alikuwa ameshaliona basi letu likikata kona mbele, akaongeza moto.