Pro wa Kushuka na Ndege

Mchezaji wa kigeni, yule mashabiki wamwitaye pro, kwa kanuni za Ligi Kuu Tanzania Bara ni mtu ambaye klabu inaruhusiwa kuwa na wa aina yake hadi 12. Kwa kawaida hushuka na ndege Dar es Salaam. Kijana anayevuka Ruvuma kwa mtumbwi akitokea Msumbiji, Kimakonde chake kimoja na cha wenyeji wa Mtwara, naye ni mgeni kisheria. Ila hakupokewa na tarumbeta, basi hawezi kuwa pro.

Haki ya mtu apewe: Luis Miquissone, wa Msumbiji hiyohiyo, aliifungia Simba bao lililoilaza Al Ahly Februari 2021, na Waarabu haohao wakaja kumnunua mwaka huohuo.

Mzawa hukuzwa kwa utaratibu mwingine. Ufukweni Msimbati, Mtwara, chandimu huanza maji yakitoka: magoli ya ndala, mpira wa makaratasi na kamba, na mechi huisha bahari ikiamua. Chuo chake cha soka ndicho hicho. Mwekezaji naye hafichi mkono. Huleta jezi kila baada ya miaka 5, picha yake kifuani.

Mtwara hiyo nayo iliwahi kuwa na timu ya juu: Ndanda FC iliingia Ligi Kuu msimu wa 2014/15, ikashuka 2020. Na mzawa naye huwa mgeni kwingine: Mtanzania Mbwana Samatta alitajwa mchezaji bora wa 2015 miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika akiwa TP Mazembe ya Lubumbashi, ambako wa kigeni alikuwa yeye.