Rafu ya Nani?

(Stoo ya duka la vitabu. Silaha tatu zimechomoka hadithini mwao, zinasubiri kupangiwa rafu: USHUJAA au GIZA.)

STORMBRINGER: Nipisheni. Mimi mweusi tii, nakunywa roho za watu. Rafu ya Giza ni yangu.

STING: Hata shikamoo hakuna? Mimi nimo vitabuni tangu 1937, wewe umeingia 1961.

STORMBRINGER: Shikamoo, kisu.

STING: Marahaba. Tena ni upanga, ila wa mikono ya hobiti.

STORMBRINGER: Upanga gani unaowaka buluu adui akikaribia, kama gari la polisi?

STING: Weusi si hoja, mwanangu. Hata kwa mwandishi wangu Tolkien yupo upanga mweusi, Gurthang. Shujaa Túrin alimuua nao rafiki yake Beleg, usiku, akidhani ni adui. Kumbe Beleg alikuwa anamkata pingu. Mwishowe Túrin akauangukia mwenyewe, akafa.

STORMBRINGER: Mimi nilimuua Moonglum, rafiki wa Elric aliyenishika, kisha Elric mwenyewe. Damu ileile! Mbona huyo Gurthang mnamweka kwenye Ushujaa?

STING: Ulipokwisha kuua ulifanya nini?

STORMBRINGER: Nikageuka jini, nikacheka, nikapaa zangu.

STING: Gurthang alimlilia Beleg. Túrin akazikwa, akawekewa jiwe lenye jina lake. Kwetu shujaa akianguka, hadithi inamkalia matanga. Kwenu muuaji ndiye anayebaki na neno la mwisho.

STORMBRINGER: Matanga hayo ndiyo yaliyomchosha mwandishi wangu Moorcock. Mwaka 1978 aliandika insha nzima kwamba nathari ya Tolkien ni ya kumbembelezea mtoto alale.

STING: Frodo, hobiti aliyenibeba, alishindwa kuitupa pete, akarudi kwao na jeraha lisilopona. Mtoto gani atalala hapo?

SINDANO: Hodi! Na mimi nikae wapi?

STORMBRINGER: Wewe wa nani?

SINDANO: Sindano ya shaba, ya Fumo Liongo. Mwanawe aliahidiwa mke, akanichoma kitovuni mwa baba yake aliyelala.

STORMBRINGER: Njoo kwangu, binti!

SINDANO: Ngoja. Liongo akaamka, akatwaa upinde, akapiga goti kisimani, akafa vivyo hivyo, mshale umeelekezwa. Mji mzima ukashikwa na kiu kwa kumwogopa maiti.

STING: Aa, huyo ni wetu.

SINDANO: Ndipo penye kazi. Msimulizi mmoja hupita chumbani mbio ili afike kisimani. Sauti inapanda, wasikilizaji wananyoosha migongo. Mwingine hubaki chumbani. Baba anakoroma. Kiganja cha mtoto kimelowa jasho, nateleza. Anakifuta kwenye kanzu, ananishika upya. Baba anajigeuza, anasogeza mguu kumwachia mwanawe nafasi kitandani. Kisimani hatufiki kabisa.

STORMBRINGER: Sasa huyo anamalizia wapi?

SINDANO: Pale mtoto anapouliza harusi ni lini.

STING: Astaghfirullah.

(Muuzaji anaingia. Hajasoma hata kimoja, wala hilo halijawahi kumnyima usingizi. Yeye huangalia majalada. Stormbringer kachorewa kijana mwenye nywele nyeupe juu ya joka: USHUJAA. Sting kapewa jalada jipya, jeusi, lenye moshi: GIZA. Sindano anaigeuza mara mbili mkononi, anaipeleka USHONAJI.)