Namna ya Kumlisha Simba Bila Kuingia Gharama

Hongera kwa kununua mtoto wa mbwa. Jina umeshampa, Simba, na getini umeshabandika "Mbwa Mkali". Kilichobaki ni chakula tu.

Wajuaji watasema umwache kwa mama yake mpaka atimize wiki 8. Wewe mchukue akiwa na wiki 4, kisha umkaribishe kwa bakuli la maziwa ya ng'ombe. Akiharisha usiku kucha, mshangae: maziwa hayohayo si ndiyo yaliyowakuza watoto wako?

Daktari wa mifugo atakwambia tumbo la mtoto wa mbwa ni dogo, hivyo ale mara 3 au 4 kwa siku. Mara 4! Nani humu ndani anakula mara 4? Simba atakula mara 1, saa 4 usiku, mkishakula ninyi na kama kitabaki kitu.

Sasa tuje kwenye unga. Ule wa kwenye kona ya stoo, ulioota ukungu, ambao umekataza watoto wasiuguse, ndio wake. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa, nayo huharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowadhuru upesi. Lakini kutupa unga ni dhambi. Ungeweza kumchanganyia ugali mzuri na dagaa waliooshwa mchanga, wenye protini na kalsiamu anayohitaji kwa mifupa; tatizo, hao dagaa ni mboga ya kesho.

Jumapili mfurahishe kwa mifupa ya kuku. Ikishapikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo, ila kelele zake akitafuna zinapendeza. Mmiminie na mchuzi wenye vitunguu maji na saumu, vinavyobomoa chembe nyekundu za damu. Maji ya kunywa? Mvua itanyesha.

Wiki chache baadaye tumbo litakuwa duara kama mtungi huku mbavu zinahesabika. Waambie wageni ameshiba. Dawa ya minyoo, ambayo alipaswa kuanza kupewa akiwa na wiki 2, ni ya mbwa wa wazungu. Miguu ikipinda matege, sema ndiyo mbegu yake.

Siku mwizi atakaporuka ukuta saa 2 usiku na kipande cha mkate mkononi, usimlaumu Simba akimtikisia mkia. Hajawahi kuletewa chakula mapema hivyo.