Pemba Nyuma ya Kabati

Doa lilianza dogo kama kiganja cha mtoto, nyuma ya kabati la chumbani. Mwezi uliofuata likawa Pemba kamili, na vijisiwa vyake pembeni. Mke wangu, mzaliwa wa Wete kisiwani humo, akaliangalia akasema, "Baba Salma, Pemba gani hii haina hata mkarafuu mmoja? Itoe kabla mama hajafika."

Mama mkwe alikuwa njiani kutoka Unguja kuja kwetu Merrylands, magharibi mwa Sydney. Nikamwomba mwenye fleti ruhusa, nikanunua ndoo ya rangi nyeupe na rola, nikapaka mikono miwili juu ya doa lile lile. Kisha nikasimama mlangoni nimejishika kiuno, utadhani nimemaliza kulikarabati jumba la Beit al-Ajaib la Unguja.

Mama alifika Jumamosi. Jumapili rangi ikatoa malengelenge. Jumanne ikaanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, Pemba ikarudi, safari hii imeandamana na Unguja. Mama akaitazama kimya, kisha akauliza, "Na Tanganyika inaingia lini?"

Nikaanza kutafuta wa kumlaumu. Kwanza mvua za 2022, mwaka ulioiletea Sydney zaidi ya milimita 2,500, kiasi ambacho mji haukuwahi kukiandika kabla yake. Lakini mvua hizo zilishapita zamani. Nikapanda kwa jirani wa juu kukagua bafu lake. Bafu kavu kama jangwa. Akanikaribisha chai, nikainywa kwa aibu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kiafghani wa mtaani, fundi mstaafu. "Futa ukuta ukauke, bandika kipande cha foili ya jikoni, ziba pande zote nne kwa utepe, ngoja siku mbili. Maji yakiwa nyuma ya foili, yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, yanatoka kwenu."

Nikabandika. Siku ya pili tukakusanyika kama tunaosubiri hukumu. Nyuma pakavu. Mbele panatiririka.

Wakosaji tulikuwa sisi wenyewe. Ilikuwa Julai, madirisha tumeyafunga kabisa, hita inawaka, nguo za watu watano zinaning'inia sebuleni, sufuria la pilau linafuka bila kifuniko. Mvuke wote ule ukaenda kutua penye baridi, nao ni ukuta wa kusini. Huku Sydney, jua hupita upande wa kaskazini. Kipupwe kizima ukuta wa kusini haulioni. Sisi tuliozoea jua la utosini, nani angetuambia?

"Nyumba zetu za mawe na chokaa zinapumua," mama akasema. "Hii mmeiziba pua."

Basi tukalisogeza kabati kutoka ukutani, nguo zikatoka nje, madirisha yakafunguliwa kila asubuhi huku meno yakigongana. Nikakwangua rangi iliyovimba, nikafuta kuvu kwa kitambaa chenye siki, si kwa brashi kavu inayoirusha kila pembe. Nilipoinua rola, mama akanizuia: mpaka foili itoke kavu pande zote mbili. Zikapita wiki tatu. Ndipo nikapaka praima, kisha rangi.

Msomaji wangu, kabla hujanunua ndoo ya rangi, bandika foili. Ni nafuu kuliko kumweleza mama mkwe.