Maombi ya Leseni ya Kijiwe Chetu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

YAH: MAOMBI YA LESENI, KIJIWE CHA KAHAWA, KATA YA DIMANI, KIBITI

Ndugu Mkurugenzi, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumechelewa kuleta maombi haya tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zitoke mwaka 2018, maana tulidhani zinawahusu watu wenye mtandao. Kijana wetu mmoja aliyerudi kutoka Mbagala ndiye aliyetueleza kuwa ukipasha habari bila leseni, kwa kanuni zile za 2018 faini ilikuwa haipungui shilingi milioni tano, au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Wazee wakaweka vikombe chini. Kijiwe hiki kinapasha habari tangu enzi za mkoloni.

Ada ya wakati ule, laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine ya kila mwaka, tumeipigia hesabu kwa korosho. Jibu tumeona tusilitangaze, lisije likawa maudhui.

Fomu tumejaza. Wanahisa: muuza kahawa ana birika, mwenye duka ana benchi, mwembe ni wa Mungu, naye cheti cha mlipakodi hana. Mtaji: vikombe na bao moja lililopasuka. Sifa za wafanyakazi: mmoja alifika darasa la saba, wengine wanamkosoa. Mafunzo kazini: kila siku baada ya alasiri. Kamera mlizowaagiza wenye vibanda vya intaneti sisi hatuzihitaji, kwa kuwa bibi wa nyumba ya pili hatoki dirishani na hasahau sura.

Kigumu ni pale mliposema wakati ule kwamba maandishi yaliyolalamikiwa yaondolewe ndani ya saa 12. Habari ikitoka hapa alasiri, magharibi imeshavuka mto, imeota na mkia. Tutaiondoaje? Ila kasi yenu tunaihusudu. Mei 2025 mliufunga mtandao wa X. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima. Mjini walipigwa na butwaa. Huku kwetu, ambako mawimbi ya simu huja yakipenda, tulichoona ni wateja kuongezeka. Kama hiyo ndiyo sera yenu ya ubunifu, kijiwe kinaiunga mkono.

Mtauliza kwa nini tunahangaikia leseni. Tunatafuta usalama wa kuwa upande wa sheria. Mwaka 2017 huku waliuawa viongozi wa vijiji pamoja na polisi; Aprili 13 peke yake walikufa askari wanane. Bodaboda zikakatazwa kutembea usiku. Kijiwe kikawa kinavunjwa jua likiwa bado kali, na mazungumzo yakawa bei ya nazi tu. Aliyeendelea kuandika yaliyokuwa yakitokea ni Azory Gwanda wa Mwananchi. Huyo hakuwa mpiga soga wa chini ya mwembe. Alikuwa mwandishi wa gazeti linalouzwa mchana kweupe, lenye ofisi na mhariri. Novemba 21, 2017, kwa maelezo ya mkewe, aliondoka na watu waliokuja na gari. Hajaonekana hadi leo.

Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki. Baadaye ikaelezwa kuwa maneno yale hayakueleweka vizuri. Hapa kijiweni, anayemzika mtu asubuhi na kumfukua jioni hanyweshwi kahawa mpaka aombe radhi. Serikalini utaratibu ni mwingine: Desemba 2024 Profesa alikabidhiwa wizara ya habari.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, kabla hatujauza korosho tuna maswali mawili ambayo fomu yenu haina nafasi yake. La kwanza: maandishi mliyapa saa 12, mwandishi mlimpa saa ngapi? La pili ni la mwenye birika, ambaye ndiye mhasibu wetu. Leseni yenu ilitolewa kwa miaka mitatu. Mwanakijiwe akiondoka na watu waliokuja na gari katika mwaka wa kwanza, ada ya miaka miwili iliyobaki anarudishiwa nani, mkewe au kijiwe?

Wenu watiifu,
Wanakijiwe, Dimani.